Damu "safi", macho gizani: historia iliyopitia Usambara

Najua nimeadimika hapa kijiweni. Sijawasusa jamani, ni hizi test za mfululizo na seminar za kuwasilisha kila wiki. Leo nimepata upenyo. Boom limetoka juzi (na limeshaanza kuyeyuka), nimekaa zangu kwenye kimbweta, nikaona niwamegee kitu nilichokuwa nakisoma. Wale wa sayansi mnivumilie. Mimi ni mwalimu mtarajiwa wa Historia na Kiswahili, lakini safari hii historia yenyewe imenikamata mkono ikaniingiza maabara.

Swali ni hili: damu yako inaweza kumwambia daktari kwamba mishipa yako ya fahamu, yaani neva, inaumia? Malaria tunaipima kwenye damu. Sukari kwenye damu. Virusi vya UKIMWI kwenye damu. Lakini mtu akisema "miguu inakufa ganzi" au "kichwa changu si kile cha zamani", anachomwa sindano ya kutolewa damu, majibu yanarudi, anaambiwa "huna tatizo". Anarudi nyumbani na ganzi yake.

Sasa hivi duniani kipimo cha namna hiyo kipo, na kwenye baadhi ya hospitali za Ulaya ni cha kila siku. Nitakieleza. Ila mimi ni mtu wa historia, na historia ya jambo hili ina kituo kimoja muhimu nyumbani kwetu, milima ya Usambara. Wasambaa wenzangu wa Soni, Bumbuli na Mlalo, vuteni viti.

Tuanze na mwaka 1898. Mjerumani mmoja aitwaye Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa ametumwa na serikali yake kwenye koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani kuchunguza malaria. Walikuwa wanataka kujua walowezi waishi wapi bila kufa na homa. Akapanda Usambara magharibi mpaka Kwai, karibu na hapa tunapopaita leo Lushoto (wao walipaita Wilhelmstal). Akaona huko juu malaria hakuna. Lakini akaandika jambo lingine ambalo mimi nilipolisoma nilicheka peke yangu. Aliandika kwamba watu wa milimani wanaogopa kushuka tambarare kwa sababu huko wanapata homa, na kwamba homa hiyo na mdudu anayeileta wanaviita kwa jina moja: mbu.

Mnaelewa hapo? Ronald Ross alikuwa anahangaika India miaka hiyo hiyo, 1897 na 1898, kuthibitisha kwamba malaria inaambukizwa na mbu. Bibi zetu walishaiweka ndani ya neno! Hawakuwa na hadubini, walikuwa na mlima na bonde, na walikuwa wanahesabu nani kashuka na nani karudi anatetemeka. Hiyo nayo ni data.

Mwaka 1902 Wajerumani wakafungua taasisi kubwa ya utafiti wa kilimo na baiolojia pale Amani, Usambara mashariki. Waliofika Amani wanajua: msitu, ukungu, miti ya kutoka kila pembe ya dunia. Reli ya kutoka Tanga ilishafika Muheza tangu 1896, Korogwe 1902, na Mombo 1905, kwa hiyo mtaalamu akishuka melini Tanga haikumchukua muda kuwa mlimani. Koch alirudi nchini mwaka 1905, akafanya kazi juu ya homa ya papasi, na mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 akaja tena, safari hii kama bosi wa msafara wa kupambana na malale. Wakapitia Tanga, wakapanda Amani, wakakaa wakichunguza mbung'o na vimelea vyao. Kisha wakaondoka kuelekea Ziwa Victoria.

Malale wakati huo ilikuwa balaa. Kandokando ya ziwa, upande wa Uganda, inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka michache ya mwanzo wa karne ya 20. Vijiji vizima viliisha. Ugonjwa unaanza kwenye damu na tezi, halafu kimelea, tripanosoma, kinaingia ubongoni. Hapo mgonjwa anabadilika tabia, analala mchana, anakesha usiku, mwishoni hajitambui. Kwa hiyo malale ni ugonjwa wa damu unaogeuka kuwa ugonjwa wa neva. Shikeni hiyo.

Agosti 1906 Koch alikuwa visiwa vya Sese, akaweka kambi Bugala. Mkononi alikuwa na dawa mpya inayoitwa Atoxyl, yenye aseniki ndani yake. Wataalamu wa Liverpool walishaijaribu kwa vimelea hivyo mwaka 1905. Jina lenyewe lina maana ya "isiyo sumu". (Wadau wa marketing, hilo jina lingewapeni A.) Wagonjwa walikuja kwa mamia. Wakachomwa sindano, wakafyonzwa majimaji ya tezi za shingoni, wakatazamwa kwenye hadubini. Na matokeo yalikuwa ya kushangaza: vimelea vilitoweka. Damu safi, tezi safi. Wengine waliokuwa wamelala hoi wakaamka na kula.

Tatizo likawa kwamba vimelea vilirudi. Atoxyl haikuwa inafika vizuri ubongoni, kwa hiyo vilivyojificha huko vilibaki. Koch akaongeza dozi, mpaka gramu 1 kwa mara moja, na kurudia kila baada ya siku chache. Ndipo watu wakaanza kupoteza macho. Zaidi ya watu 20 walipofuka kabisa, na haikurudi. Macho yenyewe kwa nje yalikuwa mazima. Kilichokufa ni neva inayobeba picha kutoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo.

Hebu tulieni hapa kidogo. Kwenye hadubini ya Koch, majibu ya mgonjwa yule yalikuwa MAZURI. Hakuna kimelea. Kwa lugha ya maabara ya 1906, huyu amepata nafuu. Na mtu mwenyewe amekaa kwenye jamvi anapapasa kikombe. Maabara ilikuwa na jicho la kumwona mdudu, haikuwa na jicho la kuiona neva. Kwa hiyo daktari akawa anaongeza dozi akiwa na ushahidi mkononi kwamba anafanya vizuri.

Najua kuna watakaosema, "wakoloni hao, walikuwa wanatujaribia dawa". Ni kweli, na tusilipitie haraka. Wale wagonjwa walikuwa ndani ya utawala wa kikoloni, na dozi zilipandishwa kwenye miili yao kwa namna ambayo Berlin isingekubalika kirahisi. Koch huyo huyo alipendekeza wagonjwa watengwe kwenye makambi, na upande wa Wajerumani makambi hayo yakajengwa. Lakini tukiishia kwenye ubaya wa moyo wa mtu mmoja tutakosa somo la pili, ambalo linatuhusu hata sisi tuliojitawala. Somo hilo ni kwamba kipimo ulichonacho ndicho kinachoamua unaona nini. Ukipima mdudu tu, utatibu mdudu tu, na mwenye mwili atajijua.

Kuna jambo lingine la mwaka huo huo 1906. Wakati Koch yuko huku kwetu, Berlin kwenye taasisi aliyoianzisha yeye mwenyewe, August von Wassermann na wenzake walitangaza kipimo cha kaswende kwa damu. Hospitali za vichaa Ulaya zilikuwa zimejaa watu waliopooza na kurukwa akili, na kipimo hicho kikasaidia kuonyesha kwamba wengi wao walikuwa na kaswende iliyoingia ubongoni. Unaweza kusema ni mara ya kwanza damu kutoa ushahidi kwenye kesi ya neva. Lakini angalieni vizuri: bado ilikuwa inamtaja mhalifu. Hasara yenyewe, yaani neva ngapi zimekufa, haikusema kitu.

Na kwenye milima yetu nako wagonjwa wa namna hiyo walikuwepo. Lutindi, juu ya Korogwe, Wamisionari wa Kijerumani walikuwa na kituo tangu 1896, kwanza kwa watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 kikageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Mpaka leo Lutindi ipo na inahudumia watu. Fikirieni aliyeletwa pale miaka hiyo: kifafa, kaswende ya ubongo, malaria iliyopanda kichwani, malale, au huzuni ya kuchukuliwa utumwani. Kwa nje wote wanafanana. Ndugu wanasema "amepandwa na kitu", mzungu anasema "kichaa". Hakuna ambaye angeweza kutoa tone la damu akasema huyu ubongo wake umeumia, huyu haujaumia.

Haya, turuke miaka. Dawa ya malale iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1940, melasoprol, nayo ilikuwa na aseniki. Iliingia ubongoni na kuponya wengi, lakini kati ya wagonjwa 100 waliopewa, takriban 5 waliuawa na dawa yenyewe kwa kuvimba ubongo. Iliendelea kutumika miaka mingi kwa sababu mbadala haukuwepo. Na ili kujua mgonjwa anaihitaji, ilibidi achomwe sindano mgongoni kutoa maji ya uti wa mgongo. Vidonge vya feksinidazoli vilikubaliwa mwaka 2018 kwa malale ya Afrika Magharibi na Kati, na kwa malale ya upande wetu wa mashariki kibali kikatoka mwishoni mwa 2023. Hesabuni wenyewe kutoka Bugala mpaka hapo: miaka 117.

Mnadhani ni mambo ya zamani? Wengi wetu tuna ndugu walioanza kutumia ARV zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Moja ya dawa za mwanzo ilikuwa stavudini. Iliokoa watu, sisemi vinginevyo, kuna wadau wamelelewa na mama zao kwa sababu ya dawa ile. Lakini iliharibu neva za miguu kwa wengi. Watu walisema wanatembea kama wamekanyaga pamba, wengine kama wamekanyaga kaa la moto. Kipimo cha CD4 kinapanda, daktari anafurahi, mgonjwa hawezi kuvaa viatu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziiache taratibu. Ni hadithi ya Bugala ile ile, ila kwa upole zaidi: kinachopimwa kinaenda vizuri, kisichopimwa kinakufa.

Sasa nieleze kipimo chenyewe, kwa Kiswahili cha mtu wa Arts.

Seli ya neva ina mkia mrefu kama waya. Wa kutoka uti wa mgongo hadi kwenye kidole cha mguu unaweza kufika mita nzima. Ndani ya mkia huo kuna nyuzi nyembamba za protini zinazoushikilia usilegee, kama fito kwenye nyumba ya udongo. Moja ya protini hizo inaitwa nyurofilamenti nyepesi, kwa kifupi NfL. Neva ikivunjika, fito zinamwagika nje. Kiasi kinaingia kwenye maji ya uti wa mgongo, na kidogo sana kinavuja kwenye damu.

Wataalamu wa Gothenburg kule Sweden walikuwa wanaipima kwenye maji ya uti wa mgongo tangu miaka ya 1990. Kwenye damu ilishindikana kwa sababu ni kidogo mno, inahesabiwa kwa pikogramu, yaani sehemu moja ya trilioni ya gramu. Mwaka 2010 Wamarekani wakachapisha mbinu ya kuhesabu molekuli moja moja, na kuanzia katikati ya muongo huo NfL ikaanza kusomeka kwenye damu ya kawaida ya mkononi. Aprili 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakubali dawa ya aina moja ya ugonjwa adimu wa neva za misuli, na ushahidi mkubwa uliotumika ni kwamba NfL kwenye damu ilishuka. Kwa historia ya tiba hiyo ni hatua kubwa: dawa imepita kwa sababu damu ilisema neva zimeacha kuvunjika.

Kuna ndugu zake pia. GFAP na UCH-L1 zinamwagika kichwa kikigongwa. Marekani walikubali kipimo chake mwaka 2018, na mwaka 2024 kikakubaliwa kwa damu nzima, mgonjwa akiwa kitandani, bila kuipeleka maabara kubwa. Majibu yakiwa chini, mtu hana haja ya CT scan. Sasa mimi nikisikia hivyo naikumbuka barabara ya Mombo kwenda Lushoto, zile kona, na bodaboda zilizobeba watu wawili na gunia la kabichi. Mtu akianguka Soni akasema "kichwa kinagonga lakini niko poa", nani anaamua ashushwe mlima usiku kutafuta CT scan, kwa gari la kukodi, kwa pesa ya ng'ombe aliyeuzwa? Leo anayeamua ni mfuko wa familia. Tone la damu lingetoa ushauri bora kuliko mfuko.

Lakini kilichonifanya nikae kuandika haya yote ni malaria. Na hapa naongea kama mwalimu.

Mwaka jana kwenye BTP nilipangiwa shule moja ya sekondari wilayani Lushoto. Kidato cha kwanza kulikuwa na kijana mmoja, mpole, anakaa nyuma. Ukiandika ubaoni sentensi tano, yeye ananakili mbili. Ukimwuliza kitu cha jana, anakuangalia kama vile anatafuta mlango. Walimu walishamaliza kesi yake: "Huyo ni kichwa maji, usijisumbue." Alikuwa anachapwa kwa kutomaliza kazi. Siku moja mama yake alikuja shuleni na mbogamboga za kuuza, nikamsalimia, shikamoo mama, tukaongea. Akaniambia, "Mwalimu, huyu hakuzaliwa hivi. Tulipokuwa tunaishi Mombo, akiwa na miaka mitatu, alishikwa na degedege. Siku mbili hajitambui. Tukapona, tukamshukuru Mungu. Ila tangu siku ile, mwanangu aliyerudi si yule."

Mwanangu aliyerudi si yule. Mama hajaenda chuo, lakini amesema kwa ufupi kile ambacho watafiti wameandika kwa kurasa nyingi. Kilifi, Kenya, walifuatilia watoto waliopona malaria ya kichwa, wakakuta takriban mmoja kati ya wanne amebaki na kasoro: ya lugha, ya kumbukumbu, ya viungo, au kifafa. Uganda nako walipata uwiano wa karibu na huo kwenye uwezo wa kufikiri, miaka miwili baada ya ugonjwa. Halafu mwaka 2021 ukatoka utafiti wa watoto wa hospitali ya Mulago, Kampala. Walipima kwenye damu protini nyingine ya neva inayoitwa tau. Watoto waliokuwa na tau nyingi wakiwa wagonjwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa, na waliopona miongoni mwao ndio waliofanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya akili baadaye.

Maana yake nini kwa mwalimu? Damu ya siku ile ya degedege ilikuwa na taarifa kuhusu dawati la kidato cha kwanza, miaka kumi mbele. Mdudu akishaondoka, kadi inaandikwa "amepona", na taarifa inapotea. Inakuja kuibuka darasani ikiwa imevaa jina lingine: mvivu, mzito, kichwa maji.

Nisisahau kuwapa sifa watu wa kwetu. Baada ya Wajerumani, Amani iliendelea chini ya Waingereza, na kuanzia miaka ya 1950 ikawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki yote, kisha ikaingia kwenye taasisi yetu ya taifa, NIMR. Hospitali Teule ya Muheza, chini tu ya Amani, ilikuwa moja ya vituo vya utafiti mkubwa uliochapishwa 2010: watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika. Ulionyesha kwamba sindano ya atesuneti inaokoa maisha kuliko kwinini, vifo vikishuka kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Kuna watoto wako shuleni leo kwa sababu ya kazi ile. Swali langu ni la hatua inayofuata: tumeshajua kuwaokoa, nani anawasindikiza mpaka darasani?

Sasa wale wabishi, najua mmeshajikunja. "Wewe mwalimu, zahanati haina glovu, unataka pikogramu?" Hoja nzito, siikwepi. Mashine ya kupima NfL ni ghali, inataka umeme wa uhakika, friji, na mtu aliyefundishwa. Tena kipimo chenyewe si mganga wa ramli. Hakisemi neva ipi imeumia wala kwa nini. Kinapanda na umri, kinapanda figo zikichoka, kwa hiyo namba ya babu wa miaka 70 huwezi kuilinganisha na ya kijana wa 20. Na kuna vipimo vya bei ya maji ambavyo hatuvitumii vya kutosha. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuguswa unyayo kwa uzi mwembamba wa nailoni, akiulizwa "unausikia?". Mwenye TB anaweza kupewa vitamini B6 ili dawa isimharibie neva, na akaulizwa kuhusu ganzi kila anapokuja. Hivyo vianze leo, havisubiri mashine.

Ila historia inanipa ubishi wa kujibu. Hata kipimo cha malaria kilikuwa hivyo hivyo. Wakati wa Koch, hadubini ilikuwa kitu cha msafara wa kifalme. Miaka karibu 100 baadaye, utafiti uliochapishwa 2004 kwenye hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulikuta kwamba kati ya waliolazwa na kutibiwa malaria kali, asilimia 46 tu ndio walikuwa na vimelea kwenye damu. Waliobaki walikuwa na kitu kingine kinachowaua huku wakipewa kwinini. Kisha kikaja kile kipimo cha haraka, mRDT, kidogo kama kijiti cha barafu, na leo mhudumu wa zahanati ya kijijini anasoma mistari miwili ndani ya dakika 20. Kitu kilichohitaji profesa kimeingia mfukoni. Kwa hiyo anayesema "hiki si cha kwetu" aangalie kwanza kalenda. Kinachochelewesha siku zote ni nani ameuliza, na kwa niaba ya nani. Wasambaa waliuliza kuhusu mbu kwa sababu wao ndio waliokuwa wanashuka bondeni. Madaktari wa Bugala waliuliza kuhusu kimelea kwa sababu wao ndio waliotumwa kukiua. Neva za mgonjwa hazikuwa na mtu wa kuziulizia.

Sisi walimu tunaweza kuwa hao watu, hata bila sindano. Yule kijana, nilichofanya kwenye zile wiki nane ni kidogo sana: nilimhamishia dawati la mbele, nikamwandikia maswali machache kwenye karatasi badala ya ubaoni, na nikaandika kwenye taarifa yangu kwamba alipata malaria ya kichwa akiwa mdogo na apelekwe akapimwe uwezo wa kujifunza. Alimaliza muhula akiwa wa 41 kati ya 58. Alikuwa wa 57. Sijui kama hilo ni jambo kubwa kwa wenzangu, kwa mama yake lilikuwa.

Kwa hiyo wadau wangu wa Education, mtakapoenda BTP mwaka huu, kabla hujamwita mtoto majina, uliza mambo matatu: aliwahi kupata degedege? Aliwahi kulazwa hajitambui? Aliwahi kugonga kichwa? Wadau wa Medicine mnaopita hapa, na nyie mkishaona vimelea vimeisha kwenye damu, muulizeni mgonjwa anaonaje, anasikiaje miguuni, anakumbuka nini. Damu ikiwa safi, mwenye damu bado ana neno.

Kwa leo niishie hapa, muda wa foleni ya ubwabwa umefika na leo ni siku ya maharage ya nazi, siwezi kuzubaa. Wenye hadithi za Amani, Lutindi au za bibi zenu kuhusu mbu na homa, zimwageni hapa chini, nazikusanya kwa ajili ya dissertation. Wiki njema!